Mguu Utabaki au Hautabaki? Istilahi za Vipandikizi vya Mfupani katika Maelezo kwa Wagonjwa wa Gitega na Muyinga

Ikisiri

Upasuaji wa saratani ya mfupa umebadilika sana tangu miaka ya 1970. Pale ambapo zamani mguu mzima ulikatwa, leo mara nyingi huondolewa kipande cha mfupa peke yake, na nafasi yake hujazwa na kifaa cha metali kinachoshikwa na mfupa uliobaki. Makala haya yanaeleza namna vifaa hivyo vinavyofanya kazi, kisha yanachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo, au kinapaswa kuwa nayo, ili mgonjwa wa Gitega au Muyinga aelewe anachoombwa kukiridhia. Hoja kuu ni kwamba istilahi za Kiingereza na Kifaransa zinaweka chini ya jina moja vifaa viwili vyenye maana tofauti kabisa kwa mgonjwa: kimoja kinabakiza mguu, kingine huja baada ya mguu kukatwa. Istilahi ya Kiswahili itakayofasiri jina hilo neno kwa neno itaurithi utata huo na kuuingiza katika fomu ya ridhaa.

Barua moja, lugha tatu

Muyinga iko kaskazini mashariki mwa Burundi, karibu na mipaka ya Rwanda na Tanzania. Tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, ingawa katika mazungumzo ya kila siku watu wangali wanaitaja Muyinga kwa jina lake. Barabara inayopita Kobero huvuka mpaka hadi Kabanga na Ngara, na kutoka huko inawezekana kufika Mwanza, iliko Hospitali ya Rufaa ya Bugando. Gitega iko katikati ya nchi. Ni mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, una hospitali ya mkoa, na ndiko kiliko kituo cha taifa cha kutengeneza viungo bandia na kuwarejesha watu katika uwezo wa kutembea. Mgonjwa wa Gitega akihitaji tiba kubwa zaidi huelekezwa Bujumbura. Mgonjwa wa Muyinga ana njia mbili: Bujumbura, au mashariki.

Njia hiyo ya mashariki ndiyo inayolihusu kongamano la Kiswahili moja kwa moja. Daktari wa Burundi amesomea udaktari kwa Kifaransa na barua yake ya rufaa ameiandika kwa Kifaransa. Daktari atakayeipokea Tanzania huandika jalada la mgonjwa kwa Kiingereza. Mgonjwa na wazazi wake wanaongea Kirundi. Lugha pekee inayoweza kusemwa na pande zote mbili za kitanda, yaani na muuguzi wa Mwanza na mama aliyesafiri na mtoto wake kutoka Muyinga, ni Kiswahili. Nacho hakimo katika karatasi yoyote kati ya hizo.

Haifai kudhani kwamba Kiswahili ni kigeni huko. Kimesemwa kwa vizazi kadhaa katika mitaa ya wafanyabiashara na ya Waislamu wa miji ya ndani, hufundishwa shuleni, na kimerudi nyumbani pamoja na wakimbizi walioishi Tanzania. Wapo waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao wakakulia huko. Mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa takribani watu 162,000 wa kundi hilo. Wapo pia waliokimbia mwaka 2015 wakakaa katika kambi za Kigoma kabla ya kurejea. Miongoni mwa waliorejea, Kiswahili huenda kikawa lugha iliyo karibu zaidi kuliko Kifaransa. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Julai 2022 wakuu wa Jumuiya walikikubali Kiswahili pamoja na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya. Hadhi hiyo mara nyingi hupimwa kwa mikutano na hotuba. Chumba cha ushauri wa daktari ni kipimo kigumu zaidi.

Uvimbe ambao lugha haiutofautishi

Saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana ni osteosakoma. Huonekana mara nyingi kati ya umri wa miaka 10 na 20, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, na takribani nusu ya visa hutokea kuzunguka goti: upande wa chini wa mfupa wa paja au upande wa juu wa muundi. Ni ugonjwa wa nadra. Unadra huo ni sehemu ya tatizo, kwa sababu mhudumu wa kituo cha afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuuona.

Mwanzo wake haushangazi mtu. Kijana anaumia goti mpirani, au anadhani ameumia, goti linavimba, linakandwa kwa maji ya moto, linafungwa. Kiswahili kinasema *uvimbe*, nomino itokanayo na kitenzi *vimba*. Kirundi kina *kuvyimba*, kitenzi ndugu. Maneno yote mawili yanabeba kwa pamoja goti lililoteguka, jipu, na saratani. Mzungumzaji hana kosa anapoutibu uvimbe wa saratani kama uvimbe mwingine. Lugha yake imempa jina moja kwa mambo matatu. Kuchuliwa na kukandwa kunamaliza miezi, na miezi ndiyo inayoamua kama mguu utaweza kubakizwa, kwa kuwa uvimbe ukishaizingira mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, au mfupa ukivunjika mahali penye ugonjwa, upasuaji wa kubakiza mguu huwa mgumu zaidi na pengine hauwezekani.

Neno *saratani* halitoi msaada mkubwa katika hatua hii. Asili yake ni Kiarabu, likiwa na maana ya kaa, kama ilivyokuwa kwa Wagiriki wa kale. Katika Burundi linalosikika zaidi ni *kanseri*. Yote mawili ni majina ya kilele cha ugonjwa, si ya mwanzo wake. Hakuna mzazi anayelitazama goti la mwanawe na kusema kaa ameingia. Kinachohitajika katika ngazi ya kituo cha afya ni kirai kinachotenganisha dalili: *uvimbe wa ndani ya mfupa*, yaani uvimbe usiobonyea, unaozidi kukua wiki baada ya wiki, wenye maumivu yanayomwamsha mtu usiku hata akiwa hajafanya kazi. Kirai hicho ni kirefu. Urefu wake ndio faida yake, maana kila sehemu yake ni swali ambalo mhudumu anaweza kuliuliza kabla ya kumpeleka kijana kupigwa eksirei.

Hapa pana jambo la sera ambalo halihusu lugha lakini haliwezi kuachwa. Tangu mwaka 2006 Burundi imetoa matibabu bila malipo kwa watoto walio chini ya umri wa miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua. Ni hatua iliyookoa wengi. Osteosakoma, kwa umri wake, huwakuta watoto waliokwisha kuvuka mlango huo kwa miaka mingi.

Kutoka kukata hadi kubakiza

Kabla ya miaka ya 1970 tiba ya osteosakoma ilikuwa kukata mguu, na hata hivyo takribani mgonjwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyeishi, kwa sababu chembe za saratani zilikuwa zimekwisha kufika mapafuni bila kuonekana. Dawa za kemikali, hasa methotreksati, doksorubisini na sisplatini, zilibadilisha hesabu hiyo: katika nchi zenye huduma kamili, takribani theluthi mbili ya wagonjwa ambao ugonjwa wao haujasambaa huishi. Mafanikio hayo ya dawa ndiyo yaliyowapa wapasuaji ujasiri wa kuuliza kama mguu mzima ulihitaji kwenda.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1940 Austin Moore na Harold Bohlman, wapasuaji wa Marekani, waliondoa sehemu ya juu ya mfupa wa paja iliyokuwa na uvimbe na kuweka ya metali mahali pake. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1943. Baadaye vilikuja vifaa vikubwa vinavyojaza nafasi ya kipande cha mfupa pamoja na goti au nyonga nzima.

Jambo moja ambalo familia hazina budi kuelezwa ni kwamba kubakiza mguu hakumwongezei mgonjwa uhai kuliko kuukata. Upasuaji ukifanywa ipasavyo, na dawa zikitolewa, nafasi ya kuishi kwa njia zote mbili inakaribiana. Kinachotofautiana ni maisha yatakavyokuwa. Kwa sababu hiyo, kirai *upasuaji wa kuokoa mguu*, ambacho ndicho tafsiri ya kwanza inayomjia mtu kichwani, kina hatari. *Kuokoa* ni kitenzi cha kifo na uhai, na katika jamii yenye makanisa mengi kinabeba pia wokovu. Anayeambiwa kwamba mguu wa jirani *uliokolewa* na wa mwanawe *haukuokolewa* atasikia hukumu ndani yake: kwamba amechelewa, au amenyimwa uhai. Wapo watakaoukataa upasuaji wa kukata kwa sababu wanasubiri ule wa kuokoa, hali ya kuwa kukata ndiko kungemwokoa mtoto. *Kubakiza* ni kitenzi kikavu na cha haki. Kinataja kinachobaki, hakiahidi zaidi.

Namna mfupa unavyokishika kifaa

Kifaa cha kawaida cha aina hii kina ufito mrefu unaoingizwa katika uwazi wa uboho na kugandishwa kwa saruji ya mifupa. Hufanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa. Tatizo ni kwamba uzito wa mwili hupita katika ufito na kutokea mwisho wake, na ile sehemu ya mfupa iliyo karibu na mkato haibebi kitu. Mfupa usiobeba hukonda. Mwanatiba Mjerumani Julius Wolff aliieleza kanuni hiyo mwaka 1892: mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Kwa mgonjwa wa miaka 70 kulegea baada ya muda mrefu si jambo zito sana. Kwa kijana wa miaka 15 aliyepona saratani, mwenye miaka 50 mbele yake, ni mfululizo wa upasuaji mwingine, kila mara mfupa ukizidi kufupika.

Kipandikizi kinachoshikwa na mfupa kinajaribu kuitumia kanuni ya Wolff badala ya kushindana nayo. Mfano unaojulikana ni kile kinachoitwa Compress. Kizibo kifupi huwekwa ndani ya mfupa na kufungwa kwa pini zinazopita kwa upana. Kutoka kwenye kizibo hicho hutoka mtaimbo mwembamba unaoshika sehemu ya nje, ambayo uso wake wa titani yenye vinyweleo umeukabili mkato wa mfupa. Nati inapokazwa, sahani za springi hubana, na uso huo hugandamizwa dhidi ya mfupa kwa nguvu isiyokoma. Mfupa, kwa kubanwa, hunenepa na kuota kuingia katika vinyweleo vya titani. Kwa kuwa hakuna ufito mrefu, kifaa hiki kinafaa hata pale mfupa uliobaki ni mfupi.

Kwamba mfupa hai unaweza kuungana na titani liligunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Vifaa vyake vya titani vilikataa kutoka. Mwaka 1965 alianza kuitumia sifa hiyo kwa meno ya bandia, na mwaka 1990 mwanawe, Rickard Brånemark, alihusika katika matumizi yake kwa mtu aliyekatwa mguu juu ya goti, huko Gothenburg.

Jina moja, vitu viwili

Mfano huu wa mwisho ndio unaofichua utata. Katika mfumo ulioanzia Gothenburg, uitwao OPRA, skrubu ya titani huwekwa ndani ya mfupa wa *kigutu*. Kisha fimbo hutokezwa nje kupitia ngozi, na mguu wa bandia hufungwa kwenye fimbo hiyo badala ya kuvalishwa kama kiatu kwenye kigutu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliuruhusu kwa masharti maalumu mwaka 2015 na kwa idhini kamili mwaka 2020. Ni ufundi mzuri kwa wasioweza kuvaa mguu wa bandia wa kawaida, lakini mguu wao umekwisha kukatwa, na tundu la ngozi linahitaji usafi wa kila siku maisha yote.

Compress na OPRA vyote viwili huitwa, katika Kiingereza na Kifaransa, vipandikizi vilivyotiwa nanga mfupani. Kwa mhandisi jina hilo ni sahihi, kwa kuwa anachokitazama ni mpaka kati ya titani na mfupa. Mgonjwa anatazama kitu kingine. Katika cha kwanza ataamka na vidole vyake mwenyewe vya mguu. Katika cha pili hataamka navyo. Wazazi wanaoelezwa kwamba mtoto wao atawekewa kipandikizi kilichotiwa nanga mfupani, bila neno zaidi, hawajaelezwa jambo ambalo wangeliuliza kwanza.

Kigezo kinachopendekezwa hapa ni rahisi kukitumia na kigumu kukikwepa: istilahi yoyote ya fani hii inayotumiwa mbele ya mgonjwa imwezeshe aliyeisikia mara moja kujibu swali *mguu utabaki au hautabaki?* Kwa kigezo hicho, cha kwanza kiitwe *mfupa bandia wa ndani*, na pale inapohitajika kutaja namna unavyoshikwa, *mfupa bandia wa ndani unaoshikwa na mfupa*. Cha pili kiitwe *kishikizo cha mguu bandia*. Neno *mguu bandia* linajulikana tayari, na hakuna anayelisikia akadhani mguu wa asili upo. Kwa ajili ya maandishi ya kitaalamu, ambako jina moja la jumla linahitajika, *kipandikizi shikamfupa* kinaweza kutosha. Lakini kibaki humo, kisishuke hadi kwenye fomu ya ridhaa.

Nanga, kipandikizi na chuma

Inafaa kusimama kidogo kwenye neno *nanga*, maana ndilo tafsiri ya moja kwa moja na bila shaka litapendekezwa. Kwa mvuvi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, nanga ni kitu anachokijua, na ndiyo maana neno linamfaa vibaya: nanga hushushwa na kung'olewa, na chombo kilichotia nanga bado huyumba. Kwa mtu wa vilima vya Gitega kuna jambo jingine. Kirundi kina *inanga*, ala ya nyuzi yenye umbo la kihori, mashuhuri katika muziki wa nchi hiyo. Mgonjwa atakayesikia kwamba ndani ya paja lake patawekwa kitu chenye nanga anaweza kutabasamu kwa sababu ambayo daktari hataijua.

*Kipandikizi* ni neno zuri kwa kuwa linatoka shambani. Watu wanaopandikiza miche wanaelewa mara moja kwamba kinachopandikizwa lazima kishike, kwamba kushika huchukua muda, na kwamba kikitikiswa mapema hakishiki. Mantiki hiyo inalingana kabisa na wiki ambazo mgonjwa hupaswa kutembea kwa magongo bila kuuwekea mguu uzito wote, huku mfupa ukiota kwenye titani. Katika nchi ya vilima, ambako njia ya kwenda kisimani ni mteremko na ya kurudi ni mlima, maelezo hayo si ya ziada. Hata hivyo, *kupandikiza* hutumiwa pia kwa figo, na figo hutoka kwa mtu. Ni halali mgonjwa aulize mfupa huo ni wa nani, hasa kwa kuwa upasuaji wa kutumia mfupa wa marehemu upo kweli katika nchi nyingine. *Bandia* hulijibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Kuhusu *chuma*, ambacho katika Kirundi ni *icuma*, ubaya wake ni kutu. Kila mtu ameona jembe lililoachwa nje. Kusema *metali ya titani, isiyoshika kutu mwilini* ni kurefusha sentensi kwa maneno machache na kuondoa hofu moja.

Kukata, kubaga, kuunga

Vitenzi vina uzito kuliko nomino. Kiswahili hutumia *kukata* kwa mguu, kwa uvimbe na kwa kipande cha mfupa. Katika upasuaji wa kubakiza mguu kuna kukata kwingi, na daktari mkweli atasema: *tutakata mfupa wenye ugonjwa*. Kwa mpangilio wa sentensi ya Kiswahili, neno la kwanza kusikika ni *tutakata*, na yawezekana likawa la mwisho kusikika. Kirundi hakipunguzi ukali. *Guca ukuguru* ni kukata mguu bila kificho, na *kubaga*, kitenzi cha kawaida cha kupasua mgonjwa, ndicho pia cha kuchinja na kuchuna ng'ombe. *Kupasua* ya Kiswahili nayo inatoka kwenye kuni.

Si busara kuvifuta vitenzi hivyo. Pale mguu unapokatwa, kisemwe *kukatwa*, kwa sauti ya upole lakini kwa neno hilo hilo. Tafsida kama *kupunguza mguu* zinamfanya mtu agundue ukweli akiwa anazinduka kutoka kwenye nusukaputi. Kinachoweza kubadilishwa ni mpangilio. Maelezo yaanze na kinachobaki, kitenzi cha kuondoa kifuate kikiwa katika kauli ya kutendwa na kikiwa na mipaka:

*Tunakusudia mguu wako ubaki. Ndani ya paja, juu ya goti, kipande cha mfupa chenye ugonjwa kitatolewa pamoja na goti. Mahali pake patawekwa mfupa bandia wa titani. Mfupa wako wa juu utaushika kidogo kidogo, kama mfupa uliovunjika unavyounga. Tukikuta ugonjwa umeingia kwenye mishipa mikubwa ya damu, mguu hautaweza kubakizwa, na itabidi ukatwe. Tunaomba ridhaa yako kwa yote mawili.*

Katika mfano huo *tunakusudia* imetumiwa kwa makusudi badala ya *mguu wako utabaki*. Kiambishi *-ta-* hakitofautishi ahadi na utabiri, na *-zo-* ya Kirundi haitofautishi pia. Daktari anayesema *utabaki* anatabiri. Baba anayemsikiliza anapokea ahadi. Tofauti hiyo ndogo ya kisarufi inaweza kuja kuwa shauri kubwa baada ya upasuaji.

*Kuunga* nayo inastahili neno la ziada. Waunga mifupa wa jadi wapo pande zote za mpaka, na kitenzi chao, *kuunga* kwa Kiswahili na *kwunga* kwa Kirundi, ambacho hutumika pia kwa kupatanisha waliogombana, ndicho kinachobeba elimu ambayo wataalamu wa titani waliifikia kwa njia ndefu: kwamba mfupa ni kitu hai, na ukitulizwa na kubanwa vizuri hujishikanisha wenyewe. Maelezo yanayojengwa juu ya elimu hiyo yanaeleweka. Lakini kitenzi hicho hicho ndicho kinachompeleka kijana mwenye osteosakoma kwa mwunga mifupa, akakandwe na kunyooshwa mahali ambapo kukanda hakusaidii kitu na kunachelewesha kila kitu. Mwunga mifupa basi ni mtu wa kufundishwa kile kirai cha *uvimbe wa ndani ya mfupa*, na pengine awe wa kwanza, kwa kuwa yeye huliona goti kabla ya daktari.

Kinachoweza kufanywa kabla ya titani kufika

Msomaji mshauri wa sera anaweza kuuliza faida ya kutunga istilahi za kifaa kinachotengenezwa na kampuni chache za Ulaya na Marekani. Jibu lina pande mbili. Kwanza, maneno yaliyojadiliwa yanahitajika hata pale kifaa hakipo, kwa kuwa kijana anayekatwa mguu Gitega naye ana haki ya kujua kwamba kukata na kubakiza ni njia mbili za kutibu ugonjwa mmoja, na kwa nini kwake imechaguliwa moja. Pili, ziko njia za kubakiza mguu zisizotegemea vifaa vya gharama. Japani, huko Kanazawa, tangu mwaka 1999 wapasuaji wameutoa mfupa wenye uvimbe, wakauzamisha katika naitrojeni ya kimiminika ili kuua chembe za saratani, na kuurudisha mahali pake. Maneno *mfupa wako mwenyewe, uliosafishwa* yanabeba upasuaji huo bila istilahi yoyote mpya.

Kuna hatua moja ya kitabibu ambayo barua ya rufaa ingeweza kuilinda kwa sentensi moja tu. Kabla ya tiba, kipande kidogo cha uvimbe huchukuliwa kupimwa. Njia iliyopitwa na sindano au kisu lazima baadaye iondolewe pamoja na uvimbe, na ikipitishwa mahali pasipofaa inaweza kuufanya mguu usibakizike. Kwa hiyo kipimo hicho hufanywa, inapowezekana, na timu ile ile itakayopasua. Mgonjwa anayejua hivyo, kwa lugha yake, anaweza kumwambia mtu anayetaka kumchoma njiani: *nisubiri nifike ninakotumwa*.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanaishi. Chuo cha Wapasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, chenye makao Arusha, kina Burundi miongoni mwa nchi wanachama wake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, BAKITA limekuwapo tangu mwaka 1967, na TUKI ilikwisha kutoa *Kamusi ya Tiba*. Vyombo vipo. Kinachopungua ni karatasi moja ya Kiswahili na Kirundi, iambatanishwe na barua ya rufaa, ikiwa na mambo manne: ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyofanywa, kile ambacho mgonjwa ameelezwa kuhusu mguu wake, na maneno aliyoelezwa nayo. Jambo la nne ndilo jipya. Muuguzi wa Mwanza akiona kwamba mtoto ameambiwa *kubakiza*, hatasema *kuokoa*. Akiona ameambiwa *kukatwa*, hatalazimika kulitamka kwa mara ya kwanza yeye.

Inabaki njia moja ambayo bado haina jina linalofaa, nayo huenda ndiyo inayolingana zaidi na mazingira ya Gitega, kwa kuwa haihitaji kifaa chochote cha ndani cha gharama na hudumu mtoto anapokua. Mjerumani Borggreve aliifanya kwanza mwaka 1927 kwa kifua kikuu cha mfupa. Salzer wa Vienna aliitumia kwa uvimbe mwaka 1974. Sehemu ya goti yenye ugonjwa hutolewa, na sehemu ya chini ya mguu huinuliwa na kuunganishwa na paja ikiwa imegeuzwa, kisigino mbele na vidole nyuma. Kifundo cha mguu huchukua kazi ya goti, na unyayo huingia katika mguu bandia, ambao kituo cha Gitega ni aina ya mahali pa kuutengeneza. Mtoto hukimbia vizuri kuliko aliyekatwa juu ya goti. Lakini kwa jicho ni umbo la kushtua, na *kugeuza mguu* katika masikio ya jamii inayojua maana ya *kurogwa* ni maneno ya kuogofya. Je, mguu huo umebaki au haukubaki? Kigezo kilichopendekezwa hapo juu kinagota hapa. *Kifundo kuwa goti* ni kirai kinachotaja kazi na kuliacha umbo. *Goti la kifundo* ni kifupi zaidi. Uchaguzi kati ya hivyo viwili haupasi kufanywa mezani Zanzibar au Dar es Salaam kabla ya mafundi wa viungo bandia wa Gitega, na wazazi watakaolitamka neno hilo kwa majirani zao, hawajaulizwa.